Jiko la kuni ndani ya meko ya matofali: je, bomba fupi linatosha?

"Mtaalamu, salaam. Sebuleni kwangu kuna meko ya matofali yaliyojengwa pamoja na nyumba, miaka mingi iliyopita. Tukiwasha moto tunaungua usoni huku mgongo unaganda, kuni zinakwisha upesi, na siku nyingine moshi unarudi ndani. Nimepata jiko dogo la chuma lenye mlango wa kioo, la kilowati 5, na shingo yake ya bomba ina kipenyo cha milimita 150. Dohani ni ya mraba, kwa ndani ni sentimita 23 kwa 23, urefu kutoka sakafuni hadi juu ni kama mita 6, na imejengwa kwenye ukuta wa nje. Chumba ni mita 4 kwa 5, dari iko mita 2.7. Juu ya mdomo wa meko kuna ubao mnene. Fundi ananiambia kazi ni ya nusu siku: tuingize jiko, tuweke bomba la mita moja liingie kwenye koo la dohani, tuzibe pembeni kwa saruji, basi, kwa sababu matofali hayaungui. Mwingine anasema lazima nipitishe bomba la stenlesi hadi juu kabisa, gharama ambayo sikuipangia. Nani yuko sahihi? Na je, kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?"

Ndugu msomaji, salaam nawe. Asante kwa kupima kabla ya kuuliza, maana vipimo ulivyoandika ndivyo vinavyotoa jibu. Fundi wa pili ndiye aliye sahihi: bomba lifike juu kabisa. Wa kwanza hakusema uongo, tofali kweli haliungui. Lakini hofu yetu haiko kwenye tofali. Iko kwenye moshi unaopoa njiani kabla haujatoka, na kwenye mbao zilizojificha nyuma ya tofali, ambazo wewe wala fundi hamzioni.

Tuanze na meko yenu kama yalivyo leo. Moto wa wazi hupeleka sehemu kubwa ya joto lake juu pamoja na moshi, chumba kikabakiwa na kama asilimia 10 hadi 20 tu. Tena dohani kubwa iliyo wazi hunyonya hewa ya chumba kuliko moto wenyewe unavyohitaji, na nafasi yake hujazwa na hewa ya baridi inayopenya chini ya milango na kwenye nyufa za madirisha. Huo ndio mgongo unaoganda. Jiko lenye mlango unaofunga sawasawa huigeuza hesabu hiyo: hewa huingia kwa tundu unalolifungua na kulifunga wewe, gesi za kuni huungua badala ya kupaa mbichi, na jiko zuri hubakiza chumbani asilimia 70 hadi 80 ya joto. Wazo lako ni zuri kabisa. Ila hapo hapo ndipo tatizo linapozaliwa, kwa sababu jiko linalobakiza joto chumbani hupeleka juu moshi mchache, tena uliokwisha kupungua joto. Dohani iliyojengwa kwa moto wa wazi ni pana mno kwa moshi huo.

Wengi hudhani dohani ni tundu tu la kutolea moshi, na kwamba tundu likiwa pana moshi hupita vizuri zaidi. Sivyo. Jiko halina feni, kwa hiyo dohani ndiyo injini yake. Hewa ya moto iliyojaa dohani ni nyepesi, hewa ya nje ni nzito, na hiyo nzito inapoingia kwa chini huisukuma ile nyepesi juu. Nguvu ya mvuto huo inatokana na mambo mawili: urefu wa dohani, na tofauti ya joto kati ya ndani yake na nje. Chukua mita 5 za dohani juu ya jiko, nje kukiwa na nyuzi 15 za Selsiasi. Gesi zikiwa na wastani wa nyuzi 200 ndani ya dohani, mvuto ni kama paskali 23 (paskali ni kipimo cha msukumo wa hewa). Zikipoa hadi wastani wa nyuzi 80, mvuto unashuka hadi kama paskali 11. Ulaya majiko ya aina yako hupimwa maabara kwa mvuto wa paskali 12. Unaona basi kwamba dohani ile ile, kwa urefu ule ule, inaweza kuvuta vizuri au ikawa dhaifu kwa sababu ya joto peke yake.

Sasa hesabu yako. Shingo ya milimita 150 ina eneo la sentimita za mraba 177. Dohani ya sentimita 23 kwa 23 ina sentimita za mraba 529, yaani karibu mara 3. Moshi ule ule ukiingia katika njia pana mara 3 hupanda polepole mara 3, na muda wote huo unayapa matofali joto lake. Na matofali yako yako ukuta wa nje, yanapigwa na upepo na mvua. Kanuni za Marekani za majiko ya kuni zinataka njia ya moshi isizidi mara 3 ya eneo la shingo ikiwa dohani imo ndani ya nyumba, na isizidi mara 2 ikiwa kuta zake ziko nje. Dohani yako ingekuwa ndani, ingesimama ukingoni. Kwa kuwa iko nje, imeshapita kiwango.

Moshi ukipoa, mvuto dhaifu ni nusu tu ya balaa. Kilo moja ya kuni, hata zile kavu, ikiungua hutoa zaidi ya nusu lita ya maji kwa umbo la mvuke, na mvuke huo hupanda pamoja na chembe za lami ambazo hazikuungua. Ukigusa ukuta ulio chini ya nyuzi 120 hivi, lami huanza kuganda hapo. Kwanza ni masizi ya unga mweusi, laini, yanayotoka kwa burashi bila taabu. Kisha ni magamba makavu yanayokatika kama maganda. Mwisho ni gamba jeusi linalong'aa kama kioo, limeng'ang'ania tofali, ukilikwaruza kwa bisibisi ncha inateleza. Hilo burashi halilitoi. Siku moto wa jiko utakapopanda na kulishika, litaungua kwa zaidi ya nyuzi 1,000, huku dohani ikinguruma kama treni inayopita. Matofali yanaweza kustahimili. Saruji ya maungio, hasa ile ya zamani iliyokwisha kuwa unga, haistahimili, na moto ukipata ufa hupita.

Upande wa pili wa ufa mara nyingi kuna mbao. Waashi wengi wa zamani walichomeka ncha za boriti za sakafu na za paa moja kwa moja kwenye ukuta wa dohani. Hata pasipo ufa, mbao inayopashwa joto msimu baada ya msimu hubadilika polepole na kukaribia kuwa mkaa, na huja kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao mpya. Ndiyo maana "imetumika miaka mingi bila shida" si ushahidi unaotosha.

Lile bomba la mita moja lina ubaya mwingine ambao watu hawauoni hadi siku ya kusafisha. Masizi yote yanayokwanguliwa juu huanguka pembeni mwa bomba, yakatua kwenye kizibo cha saruji. Huwezi kuyafikia bila kung'oa jiko zima. Mwaka wa kwanza ni kilima kidogo, mwaka wa tatu ni rundo la kitu kinachowaka, limelala sentimita chache kutoka kwenye bomba la moto.

Ni haki niseme pia ni lini njia fupi inakubalika, maana usije ukadhani nakusukumia gharama. Dohani ikiwa imo ndani ya nyumba, ina mirija ya udongo wa kuchoma isiyo na ufa wala pengo, na eneo lake halizidi lile nililolitaja, bomba linaweza kuishia kwenye mrija wa kwanza, likiungwa na kuzibwa kikamilifu, na koo likawekewa mlango wa kusafishia. Wewe hukutaja mirija, na vipimo vyako havikubali.

Njia zilizobaki kwako ni tatu. Unaweza kuweka mirija mipya ya udongo au ya mawe mepesi ya volkano. Hudumu sana, lakini kwa kawaida ukuta wa dohani hutobolewa mahali kadhaa ili kuishusha. Unaweza kuweka bomba gumu la stenlesi la vipande, ambalo ni zuri kama dohani imenyooka toka juu hadi chini bila kona. Au uweke bomba la stenlesi linalopinda, lenye tabaka mbili, linaloshushwa kutoka juu likiwa kipande kimoja bila kiungo. Kwa meko ya nyumba ya kuishi ningechagua hilo la tatu karibu kila mara. Maisha yake ni mafupi kuliko udongo, na linaumia haraka kwa kuni mbichi au kwa kuchoma takataka na plastiki, lakini linawekwa kwa siku moja na linaweza kubadilishwa.

Ukienda kununua, angalia mambo haya. Kipenyo cha ndani kiwe milimita 150 sawa na shingo ya jiko. Usikubali kupunguziwa hadi 125 ili bomba lipite kwa urahisi, isipokuwa mtengenezaji wa jiko ameandika kwamba inaruhusiwa. Daraja la stenlesi kwa kuni tupu ni 316L. Kama kuna siku utachoma makaa ya mawe, basi chukua 904L, kwa sababu asidi ya salfa huila ile nyingine. Bomba liwe la kazi ya kuni, si lile la tabaka moja linalouzwa kwa majiko ya gesi. Yanafanana kwa macho na watu wamedanganyika. Utakuta mishale imechorwa ubavuni: ielekee juu, moshi unakokwenda, kwa sababu mikunjo ya ndani imelazwa upande mmoja ili masizi yasinase.

Na kwa kuwa dohani iko nje, bomba livikwe blanketi la kuhifadhi joto la unene wa milimita 25. Hapa ndipo vipimo vinapobana. Bomba la 150 kwa nje hufika kama 160, ongeza milimita 25 kila upande unapata 210, na dohani yako ni 230. Linapita, lakini donge moja la saruji lililochomoza njiani litalikamata. Kabla ya kulipa chochote, chukua kipande cha bomba au ndoo ngumu ya kipenyo cha milimita 210, ifunge kamba juu na chini, ishushwe taratibu toka juu hadi kwenye koo. Ikikwama, weka alama kwenye kamba ujue ni mita ngapi kutoka juu. Isipopita kabisa, shusha bomba bila blanketi, kisha nafasi iliyobaki ijazwe kwa chembe za vemikulaiti, madini mepesi yanayozuia joto, zilizochanganywa na saruji kidogo. Kazi hii ya pili ina vumbi zaidi na ukishajaza huwezi kurudi nyuma kirahisi, ila inahifadhi joto vilevile.

Kabla ya hapo dohani isafishwe hadi tofali lionekane. Bomba jipya ndani ya dohani chafu linaacha lami ya zamani ikipashwa joto kwa nje, na harufu yake hutokeza sebuleni siku za mvua. Ondoa viota. Ondoa pia kile kilango cha chuma kilichoko kooni, kama kipo, maana bomba haliwezi kupita na kisije kikafunga chenyewe. Kisha mulika kwa tochi kila upande, na juu ya paa tazama kichwa cha dohani: matofali yanayotikisika, saruji inayotoka kwa ukucha, ufa unaoshuka wima. Kichwa kibovu kitengenezwe kwanza, kwa kuwa ndicho kitakachobeba uzito wa bomba. Kwenye kuta za vyumba dohani inapopita, tafuta madoa ya kahawia au plasta inayovimba. Doa la namna hiyo ni lami iliyokwisha kupenya.

Urefu wako wa mita 6 unatosha. Chini ya mita 4.5 ningekuwa na wasiwasi. Hakikisha tu mdomo wa juu unapita paa angalau sentimita 90 pale unapotokea, na uwe juu ya kitu chochote kilicho ndani ya mita 3 kwa angalau sentimita 60, la sivyo upepo ukigonga kipaa utausukuma moshi chini.

Kushusha bomba kunataka watu wawili au zaidi, mmoja juu na mmoja mekoni. Ncha ya chini huvikwa koni yenye kamba. Wa chini anavuta, wa juu analisindikiza akilizungusha kidogo pale linapogoma. Msilivute kwa nguvu moja ya ghafla, maana tabaka hufumuka na hamtaliona lilipofumuka. Juu, bomba linabanwa kwa kibano kinacholala kwenye kichwa cha dohani, kisha bamba, saruji, na kofia ya kuzuia mvua na ndege. Wavu wa kofia usiwe na matundu madogo, maana masizi huziba tundu dogo kwanza kabla ya kitu kingine.

Chini, koo linafungwa kwa bati la mabati la unene wa milimita 1.5, limefungwa kwa skrubu ukutani, lina tundu la bomba katikati, na pembeni pote limezibwa kwa silikoni ya joto kali. Bati hili linafanya kazi kubwa kuliko linavyoonekana. Bila hilo, hewa ya moto ya chumba chako itapanda pembeni mwa bomba mchana na usiku, na vipande vya saruji vitadondokea jiko. Usilizibe kwa ubao, plasta ya jasi wala sponji ya kupuliza. Vyote nimevitaja kwa kuwa vyote huwekwa.

Kati ya bati na jiko kunakuja kiunganishi na kipande cha bomba nene la jiko. Hapa mafundi bomba wengi hukosea, kwa sababu wamezoea kufikiri juu ya moshi unaopanda. Ncha dume ielekee chini, iingie ndani ya jike la bomba lililo chini yake, hadi kwenye shingo ya jiko. Lami ikichuruzika ndani inarudi ndani ya jiko na kuungua. Ukigeuza, kila tone litatokea kwenye kiungo na kuchora mstari mweusi unaonuka juu ya bomba lako. Ziba viungo kwa kamba ya kuhimili moto na saruji ya moto, na kiunganishi kishikwe na bomba la ndani kwa skrubu za stenlesi zisizopungua 3. Kama kuna kona, isizidi nyuzi 45, na bomba lipande wima sentimita 60 kwanza kabla ya kupinda. Ukitumia shingo ya nyuma ya jiko, kipande cha kulala kisizidi sentimita 15.

Hilo jiko nalo linahitaji nafasi ya kupumua ndani ya meko. Ukilibana, joto lote linaishia kwenye matofali ya nyuma na kutoka nje ya nyumba. Acha sentimita 10 hadi 15 kila upande na nyuma, na sentimita 25 hadi 30 juu, isipokuwa kitabu cha jiko kinataka zaidi. Kitabu ndicho hukumu. Ule ubao wa juu ndio unaonitia mashaka. Jiko lisilo na maelekezo huhitaji sentimita 90 hadi kwenye kitu chochote kinachoungua. Majiko mengi ya sasa huruhusu umbali mdogo zaidi, lakini lazima uwe umeandikwa. Kama nafasi haitoshi, toa ubao huo uweke jiwe, au ukinge kwa bati lililoachiwa pengo la hewa la milimita 25 nyuma yake. Tazama pia ndani ya mdomo: wakati mwingine linta yenyewe, ile inayobeba matofali juu ya mdomo, ni boriti ya mbao iliyopakwa plasta. Gonga, na ukisikia sauti ya mbao, kwangua uone.

Sakafu mbele ya mlango wa jiko iwe ya jiwe, kigae au zege kwa sentimita 30 angalau, 45 ni bora, na sentimita 20 pembeni. Kaa la moto huruka mlango ukifunguliwa. Jiko likae sawa kwa pimamaji.

Umeuliza habari ya bomba tu, lakini niseme na ukubwa. Chumba chako kina mita za ujazo 54. Kwa nyumba ya kawaida kwenye baridi ya wastani, gawanya kwa 14 upate kilowati: inakuja kama 3.9. Kwa hiyo jiko la 5 linatosha na kubaki. Usishawishiwe kuchukua la 8. Jiko kubwa chumba kidogo huishia kubanwa hewa ili lisichemshe watu, kuni zinafukuta badala ya kuwaka, na kioo cheusi ndiyo dalili ya kwanza kwamba lami inapanda.

Hewa ambayo moto unaitumia lazima itoke mahali fulani. Nyumba ya zamani yenye nyufa zake kwa kawaida hulitosheleza jiko la kilowati 5. Ikiwa umebadilisha madirisha na kuziba kila pengo, toboa tundu la kudumu ukutani, lisilofungika, la milimita za mraba 550 kwa kila kilowati: kwako ni 2,750, karibu sawa na tundu la kipenyo cha milimita 60. Na kama chumba cha kupikia kina feni inayotoa hewa nje, ijaribu ikiwa imewashwa kwa nguvu zote huku jiko linawaka na milango ya ndani iko wazi. Feni yenye nguvu inaweza kuishinda dohani na kuuvuta moshi chini.

Jaribio la kwanza lifanywe kabla ya moto mkubwa. Pasha dohani joto kwa karatasi chache, kisha weka kidonge cha moshi, kile kinachotengenezwa kutoa moshi wa jaribio, ndani ya jiko na ufunge mlango. Mmoja atazame juu kama moshi unatoka kwenye kofia peke yake. Wengine wapite kila chumba ambacho dohani inapita, na darini pia. Halafu shika kipande chembamba cha karatasi ya chooni kwenye kila kiungo: kikivutwa ndani ni sawa, kikisukumwa nje pana uvujaji. Mioto 3 ya mwanzo iwe midogo, madirisha wazi, kwa kuwa rangi ya jiko hutoa harufu kali inapokomaa na saruji ya moto hupasuka ikikaushwa kwa haraka.

Weka kengele ya monoksidi ya kaboni, ile hewa ya sumu ya moto, chumbani siku hiyo hiyo, kati ya mita 1 na 3 kutoka kwenye jiko hilo. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Moto unaofifia usiku, wenye makaa tu na dohani iliyopoa, ndio unaoitoa chumbani, wakati watu wamelala. Majivu yatolewe kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na yawekwe nje, hata kama yamekaa siku mbili.

Kuni ziwe na unyevu chini ya asilimia 20. Pasua gogo, kisha choma sindano za kipima unyevu kwenye uso mpya uliopasuliwa, si kwenye ncha iliyokauka juani. Kuni mbichi zinaweza kuwa nusu maji kwa uzito, na kila kilo ya maji hayo inakula kama kilowati-saa 0.7 ya joto ili tu igeuke mvuke. Kuni kavu hutoa kama kilowati-saa 4 kwa kilo, na robo hivi hupanda na moshi, kwa hiyo jiko lako likiwaka sawasawa litakula kilo 1.6 hadi 1.7 kwa saa. Ni magogo mawili madogo. Ukijikuta unalijaza hadi juu, kuna kitu hakiko sawa.

Je, uifanye mwenyewe? Kuandaa meko, kukata na kufunga bati, kuweka sakafu na kulisawazisha jiko, mtu mwenye mkono mzuri anaweza. Kusafisha na kukagua dohani kabla ya kuanza, kupanda paani kushusha bomba, na ukaguzi wa mwisho, mwachie fundi wa dohani. Katika nchi nyingi kazi hii inahitaji kibali au cheti, na bima inaweza kukataa kulipa kisipokuwepo, kwa hiyo uliza kabla. Na usiendelee hata hatua moja bila mtu wa kuja kuiona kwa macho ukikuta mojawapo ya haya: ufa wima kwenye dohani, gamba lile la kung'aa, mbao iliyoingia ukutani, dohani inayopokea moshi wa chombo kingine (jiko moja, njia moja, hakuna kushiriki), au moshi ukitokea chumba cha juu wakati wa jaribio. Ikiwa fedha ya bomba haijapatikana, subiri msimu mmoja. Safisha dohani, endelea na moto mdogo wa wazi ikiwa ukaguzi umeipitisha, na jiko likae limefunikwa.

Likishafanya kazi, fungua baada ya wiki 4 hadi 6 za kwanza utazame ndani ya bomba kwa tochi. Ukiwa mgeni wa jiko utajifunza mengi kwa alichokiacha moto. Baadaye lisafishwe angalau mara moja kwa mwaka, au mapema zaidi masizi yakifika unene wa milimita 3. Ile plati ya ndani juu ya moto itolewe kila mara, kwa sababu masizi hukusanyika mgongoni mwake. Na ukisikia dohani inanguruma na bomba linatetemeka, funga mlango na matundu yote ya hewa, toa watu nje, piga simu zimamoto. Usimwage maji ndani ya jiko. Baada ya tukio hilo, hata kama hakuna kilichoonekana kuharibika, jiko lisiwashwe tena hadi bomba likaguliwe toka juu hadi chini.